Fungu la Kungumanga

Kiseke, Mwanza

Minza mwanangu,

Mama yako amenikataza kukuandikia. Amesema, "Mtoto anakwenda Musoma kusomea ualimu, haendi vitani. Mwache." Nikamwambia sawa, nimeacha. Kisha nimevuta kigoda nikaja kukaa huku uani na kalamu, maana unanijua baba yako, nikiambiwa acha ndipo mkono unapowasha. Wewe bado uko kanisani, wenzako wa kwaya wanakuaga. Kesho alfajiri utakuwa kwenye basi.

Ya kufunga mlango, ya kutoazimisha nguo, ya wavulana wa chuoni, hayo mama yako ameyasema wiki nzima mpaka kuku wanayajua. Mimi nina moja tu, nalo linatokana na lile kopo.

Asubuhi uliniambia, "Baba, nifungie viungo, chakula cha chuo wanasema hakina hata harufu." Nikafurahi, nisikufiche. Nikachukua kopo la maziwa ya unga, nikalikausha juani, nikakuwekea mdalasini, iliki, karafuu, pilipili manga na bizari nyembamba, vyote vizima, maana vya unga siku hizi wanachanganya na vumbi la matofali. Juu kabisa nikaweka kungumanga moja. Ukafungua kuangalia. Ukaitoa ile kungumanga kwa ncha za vidole, ukaiweka mezani, ukafunika kopo, ukaondoka. Nilikuona.

Nikasema moyoni, kumbe bado. Kumbe ile siku, tulipokuwa tukikaa Kirumba, bado unayo. Ndiyo maana Bibi yako alipofariki mwaka jana, watu walipopanga mstari kumuaga, wewe ulibaki mlangoni umeshika nguzo. Walisema mtoto ana uchungu sana. Mimi nilijua si uchungu peke yake. Unadhani ni wewe uliyekaribia kumuua. Ulikuwa darasa la tatu, ulikunywa uji, ukasema neno moja, na tangu hapo unaamini neno lile ni lako. Siwezi kukuacha upande basi na mzigo huo. Kwa hiyo nitakusimulia siku ile yote, hata pale panaponiaibisha.

Unakumbuka nilivyoingia jikoni? Jineri ya pamba ilipotupunguza kazi, wenzangu walikaa kijiweni kucheza bao na kusubiri waitwe tena. Hawajaitwa mpaka leo. Mama yako akaanza kuuza mapanki pale sokoni Mwaloni, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani wakishatoa minofu ya kupeleka Ulaya. Alitoka giza halijaisha, akarudi jua limepinda. Nani apike? Mjomba wako Shija, kaka yake mama yako, tuliyekuwa tunaishi naye, alicheka mpaka akashika mbavu. "Shemeji, na kanga nikununulie?" Nikamwambia nunua, ila ugali wangu usile. Alikula.

Jiko nikalipenda, na kosa langu ni kwamba nililipenda kabla sijalijua. Karafuu nilizitupa kwenye wali ovyo, Mjomba akaiuma moja, akashinda na ganzi mdomoni akiongea kama mlevi. Kijiti cha mdalasini nilikiacha kwenye chai yako. Kikavunjika, kibanzi kikakukwama kooni. Nikakuinamisha, nikakupiga mgongoni mpaka kikatoka, kisha nikakaa chini nikalia mbele yako. Tangu hapo viungo vizima navifunga kwenye kitambaa safi, chakula kikiiva nakitoa kifurushi chote kabla mtu hajapakuliwa. Umeniona nikifanya hivyo miaka yote, labda ukadhani ni madoido ya wapishi wa harusi. Si madoido, ni koo lako.

Siku zile ruksa ya kila mtu kufanya biashara ilikuwa imefika mpaka vichochoroni. Maduka tuliyozoea kuyakuta na viberiti tu yalijaa vitu hata majina yake hatuyajui. Akaja bwana mmoja kutoka Tanga, akatandika gunia pale Kirumba, akapanga viungo kwa mafungu. Kulikuwa na kokwa za kahawia, ngumu, zinazofanana na gololi. Nikamuuliza hizi nini. Akasema kungumanga, inaleta harufu nzuri, mgonjwa analala, mgeni anasifu. "Lakini unakwaruza kidogo tu, mzee wangu, kidogo kabisa." Nilimsikia vizuri. Nikajisemea, watu wa pwani na ubahili wao, nikanunua fungu.

Sasa angalia akili yangu ilivyokwenda. Kwetu fungu ni chakula kimoja. Fungu la nyanya ni la sufuria moja, fungu la dagaa ni la jioni moja. Hakuna aliyewahi kuniuzia fungu la kutumia miezi. Na kokwa ile nikiiangalia naona karanga, na karanga Msukuma hapimi kwa ncha ya kisu, anatwanga kikombe kizima. Basi.

Bibi yako alikuwa amefika kutoka Magu jana yake. Unayakumbuka macho yake, mekundu, yanatoka machozi hata akicheka. Maisha yake yote alipika kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, kwenye nyumba isiyo na dirisha, na moshi ule ndio uliomla kope. Hakuna kingine. Lakini wewe ni mtoto wa usukumani, unajua macho hayo watu wanavyoyasoma, kwamba ni ya mchawi. Kule kijijini ng'ombe wa jirani walikuwa wanakufa, na watu walikuwa wameanza kunyamaza Bibi akipita. Wakikutukana bado wanakuona mtu. Wakinyamaza, mambo yako yamekwisha kuzungumzwa mahali. Vikongwe wenzake wawili watatu wa vijiji vya jirani walishakatwa mapanga kwa macho kama yale. Nikamwita aje mjini haraka, nikajiambia kwangu atakuwa salama.

Asubuhi nikataka kumpa mama yangu heshima. Uji wa ulezi, maziwa, sukari, karanga, na lile fungu lote, nimetwanga vyote pamoja kwenye kinu. Harufu ikajaa nyumba, tamu halafu kali, ikaingia mpaka kwenye mashuka. Bibi akaletewa bakuli, akanusa, akalirudisha.

"Yaya," akasema, maana yake hapana. "Huu unanukia msiba. Nipe michembe."

Nikaudhika. Mimi nimeamka, nimetwanga, mtu ananiambia msiba! Nikampa vile viazi vyake vikavu vya jana, nikanywa bakuli langu na la kwake. Mjomba Shija akanywa mawili. Wewe ulikunywa kidogo, ukakunja uso, nikakuambia maliza, hukumaliza. Sufuria nikampa mbwa wetu Popi alambe ukoko. Uliobaki nikaufunika kwenye jagi, uwe wa mama yako akirudi.

Hakikutokea kitu. Hiyo ndiyo tabia ya kungumanga ninayotaka uijue. Unakula, unasifu, unaosha vyombo, unasahau. Ikija kukukamata, chakula hukikumbuki tena, unatafuta sababu kwingine.

Ilikuwa mchana mweupe. Nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua mchele, nikahisi ulimi umekauka. Nikanywa maji, haukulowa. Nikanywa tena. Moyo ukaanza kwenda mbio nami nimekaa tu. Kisha nikagundua kwamba punje niliyoishika nimekuwa nikiitazama muda mrefu mno, labda tangu jana, na jua liko palepale. Nikainua macho. Unaikumbuka nyumba ile ilivyobanwa nyuma na yale mawe makubwa? Mawe yalikuwa yamesogea. Sikuyaona yakisogea, ila yalikuwa karibu kuliko asubuhi, na lile la juu lilikuwa linapumua, taratibu, likijaa na kushuka. Kule ziwani wale wadudu wadogo wa ziwa walikuwa wamepanda juu ya maji kama moshi, kitu ambacho nimekiona tangu utoto wangu. Siku hiyo moshi ule ulikuwa na mabega.

Nikasikia ninaitwa. Ni jina la utotoni, ambalo baba yangu peke yake ndiye aliyekuwa akiniita, na baba yangu nilimzika mwenyewe kwa mikono hii. Sauti ilitoka nyuma ya nyumba, ikaja hadi upande wa jikoni, ikasimama pale. Sikugeuka.

Mjomba akatoka chumbani anapapasa ukuta. Uso umemwiva, macho yamekuwa mekundu, mdomo mkavu unapasuka. "Shemeji, funga mlango. Wamejaa."

"Akina nani?"

"Hawa."

Nikachungulia chumbani. Hakukuwa na mtu, kitanda tu na koti lake msumarini. Lakini mlango niliufunga, tena kwa komeo.

Na katikati ya uwanja, juu ya mkeka, Bibi yako alikuwa amekaa anabangua karanga. Haumwi, hatetemeki. Anatutazama kwa macho yake yale, anauliza kwa upole mbona tunatembea hivyo.

"Huyu hakunywa," Mjomba akasema. "Sisi wote tumekunywa, yeye amekataa. Alijua."

Hapo ndipo akili yangu ilipogeuka, Minza, na iligeuka kirahisi mno. Nilimtazama mama yangu nikaona hana kivuli. Jua lilikuwa utosini. Saa ile hakuna aliyekuwa na kivuli, hata mimi, hata mkeka wenyewe. Lakini sikujitazama mimi, nilimtazama yeye. Mwanamke aliyenizaa, niliyemtoa Magu ili asiuawe, nikamwogopa.

Wewe ulikuwa umejikunyata kando ya mtungi, meno yanagongana kama una malaria. Mzazi mwenye akili angekuuliza, unaumwa wapi? Mimi nilikushika mabega nikakuuliza, "Unamwona nani nyuma ya Bibi?"

Ukatazama. Ukasema, "Namwona mtu. Mrefu."

Soma hapa mara mbili. Swali lilikuwa langu. Yule mtu nilimsimamisha mimi nyuma ya Bibi, wewe ulimpa urefu tu. Mtoto mwenye sumu tumboni, akiulizwa na baba yake anamwona nani, atamwona. Ningekuuliza unamwona nani kwenye mtungi, ungeniambia. Neno lile si lako, mwanangu. Nirudishie, ni langu.

Mjomba akafungua geti akatoka mbio anapiga kelele kwamba mama mkwe wa dada yake ametuua. Haikuchukua muda balozi wa nyumba kumi akaingia na vijana wa ulinzi wenye fimbo, mmoja ana panga. Majirani wakapanda juu ya mawe kutazama. Nilitegemea makelele, lakini walikuwa kimya, ukimya uleule wa Magu. Ukimya huo ulikuwa umepanda gari ukamfuata mama yangu mpaka kwangu.

Yule mwenye panga, mtoto ambaye Bibi angeweza kumzaa mara tatu, hakumwamkia. Alimwambia tu, "We bibi, umewafanya nini hawa?"

Bibi akaweka karanga chini. "Mwangaluka," akasema, salamu yetu ya asubuhi, mchana ule. Hakuna aliyeitika. Akanigeukia mimi. "Ng'wana wane," yaani mwanangu, "waambie."

Sikuwaambia kitu. Nilisimama na ulimi wangu mkavu, nikatazama pembeni. Wakamzunguka, balozi akasema hapa hapafai, apelekwe kule chini ufukweni wakazungumze naye. Sisi wote tulijua watu wanaopelekwa kwenye mazungumzo hayo huwa hawarudi.

Ndipo mama yako akaingia, beseni kichwani, magamba ya samaki yamemkauka mikononi. Sasa, wewe unajua, yeye na Bibi walikuwa hawaivi chungu kimoja. Bibi alikuwa akisema mwanamke gani anamwachia mume jiko. Mama yako alikuwa akisema mwanamke gani anamlea mwanaume asiyejua kufua. Balozi akamweleza mambo yalivyo. Mama yako akanitazama mimi, akamtazama kaka yake, akakutazama wewe muda mrefu. Kisha akamwona Popi.

Mbwa alikuwa amesimama pua yake imegusa ukuta. Manyoya yamesimama, miguu ya nyuma inampotea, anaubwekea ukuta bila sauti, mdomo unafunguka na kufungika tu.

"Na mbwa ana nini?" akauliza.

"Karogwa naye," kijana akajibu.

"Mtu apande gari Magu, alipe nauli, aje mpaka Kirumba kumroga Popi?"

Huko juu ya mawe mtu akacheka kidogo. Mama yako akatua beseni, akamshika mbwa taya, akamnusa mdomo. Akainusa sufuria. Akafunua jagi, akanusa, akanigeukia. "Baba Minza, umepika nini?" Nilitaka kujibu, wallahi nilitaka, ila maneno yalikuwa yanatoka mdomoni mwangu yakienda upande wa ukuta.

Akalishika jagi akasimama mbele ya balozi. "Mimi nimetoka hapa alfajiri. Sijala chakula cha nyumba hii leo. Huyu mama leo sijakaa naye hata kidogo, na siku nyingine zote mnajua simpendi. Nakunywa huu uji hapahapa. Nikiona wanayoyaona hawa, ni uji. Nisipoona, fanyeni mnachotaka."

Akanywa wote, mpaka machicha, akapangusa mdomo kwa mkono wenye magamba.

Usije ukaiga. Nakuandikia kwa sababu ni sifa yake, si kwa sababu ni dawa. Siku ile tulipaswa kupelekwa hospitali, wewe, mimi na Mjomba, na uji wenyewe ubebwe daktari auone. Lakini kati ya watu wote waliojaa uwanjani na juu ya mawe, hakuna hata mmoja aliyetaja hospitali. Sote tulikuwa tunatafuta mtu.

Kisha wakasubiri. Bibi amekaa mkekani katikati ya fimbo, mama yako ameketi pembeni yake. Nimekuambia tabia ya kungumanga. Jua likaanza kuteremka, na mama yako mzima kabisa. Aliosha mapanki. Alimfokea mtu aliyekanyaga mboga zake. Wale korongo wa Mwaloni, wenye vipara, walikuja wakasimama juu ya mapaa wakiinama kututazama, na mpaka leo sijui walikuwepo kweli au ni mimi. Yule kijana akaanza kunoa panga kwenye jiwe, taratibu, hana hasira, kama mtu anayejiandaa kwenda shamba. Bibi akaomba maji. Wote tukasikia. Mama yako akaenda kumletea, akakaa tena, safari hii akamshika mkono.

Nikaona kitu usoni kwake ambacho sijakiona kabla wala baada. Alikuwa anaogopa kwamba haitakuja. Nimeona watu wakiomba mvua, wakiomba watoto, wakiomba kazi. Yule ndiye mtu pekee niliyemwona akiomba awehuke. Midomo ilikuwa inacheza, na jua lilikuwa linakaribia maji.

Balozi akasimama, akakung'uta suruali. "Mama Minza, tumekuheshimu vya kutosha."

Mama yako akalamba midomo. Akaomba maji, akanywa, akaomba tena. Halafu akatazama getini, mahali ambapo hapakuwa na mtu, na uso wake wote ukalegea ukawa wa msichana. Akasimama, akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

Akasikiliza. Akatikisa kichwa kama anayeambiwa jambo. "Karibu ndani. Mbona umelowa hivyo?"

Baba yao, babu yako wa upande wa mama, alizama ziwani Mjomba Shija akiwa kijana mdogo, na hakuonekana tena. Mjomba alitoa sauti ambayo sikujua kama mtu mzima anayo, akakaa chini kwenye vumbi. "Amelowa?" akauliza. "Dada, amelowa?" Mama yako hakumsikia. Alikuwa anamtandikia mgeni wake kanga kwenye kigoda, akiinyoosha vizuri kwenye kona.

Balozi akavua kofia. "Ni uji," akasema. Wakatoka mmoja mmoja. Hakuna aliyemwambia Bibi samahani, hata mwenye panga. Yeye aliinama tu kupita chini ya kamba ya nguo, akaenda.

Mama yako aliugua kuliko sisi wote, siku kadhaa anatapika na kuweweseka. Tabibu wa zahanati nilimpelekea kokwa moja iliyodondokea kando ya kinu. Akaigeuza mkononi, akaniuliza niliweka ngapi. Nilipomwambia fungu zima akasema nishukuru Mungu mtoto hakupenda ladha yake. Chembe zinazokaa kwenye ncha ya kisu ndiyo kipimo cha sufuria ya watu wote. Nakwaruza mwenyewe, kisha kokwa narudisha juu kabatini wasikofika watoto. Viungo hivi ukiviona mezani ni mapambo ya chakula, lakini ni miti, na miti ina nguvu zake. Kama hutaki kuibeba hiyo kungumanga, iache mezani, pilau itaiva bila hiyo.

Mtaa nao haukusahau. Walijua ni uji, balozi mwenyewe aliwaambia, na bado watoto walikuwa wanavuka njia Bibi akipita. Ndiyo sababu tulihamia huku Kiseke, si kwa ajili ya hewa nzuri kama mama yako anavyowaambia wageni. Nimefikiri sana juu ya hilo. Kungumanga ilitupa maruweruwe, sikatai. Ilisogeza mawe, ikamwita baba yangu. Lakini haikutuambia mchawi ni nani. Jina hilo tulikuwa nalo ndani, limekaa siku nyingi linangoja mchana mmoja wa kiu. Utakaa na watu wengi huko, Minza, na iko siku jambo litatokea lisiloeleweka, na watu wataanza kumtazama mmoja. Wewe chungulia sufuria kwanza.

Nasikia sauti zenu barabarani, mnarudi mnaimba. Nimalizie.

Asubuhi ya pili yake tuliamka vichwa vizito, aibu imetujaa, hakuna anayemtazama mwenzake. Jikoni moto ulikuwa umewaka. Bibi yako, ambaye jana yake nilimgeuzia uso, alikuwa amepika uji. Wa ulezi mtupu, hata sukari hakuweka. Akaupakua kwenye mabakuli, akayapanga mkekani mbele yetu, akakaa, akangoja. Mjomba alikuwa anatazama vidole vyake. Mimi nilijua kila kitu, Minza. Nilijua ni fungu langu, nilijua mama yangu hana kosa, nilikuwa na akili zangu timamu. Na mkono wangu haukwenda. Uji ukaanza kutanda utando juu.

Wewe ndiye uliyesogea. Ulipiga magoti, ukachukua bakuli kwa mikono miwili, ukanywa mpaka chini. Ukasema, "Bibi, niongeze." Na Bibi akacheka, machozi yanamtoka kwenye yale macho, akakuongeza. Alikusamehe palepale kama kulikuwa na la kusamehe, na maisha yake yote yaliyobaki alikuwa akikuita "mwenzangu wa kwanza", ukidhani ni utani wa wazee.

Watu wanakumbuka kwamba baada yako nilikunywa mimi. Ni kweli, nilikunywa. Lakini kabla sijagusa bakuli nilikaa nikikutazama usoni, nikihesabu pumzi zako, nione kama utaanguka.

Nenda salama, mwenye moyo kuliko mimi.

Baba yako